Kichuguu Changu Hakichimbwi

Lunyo, Busia, upande wa Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naiweka shikamoo hii mwanzo kabisa kabla mtu hajaninyang'anya, maana kwenye simu huwa inanyang'anywa. Mguu unasemaje? Bado unavimba ukienda shambani, au ile dawa ya kuchua imekufaa? Na michungwa imebeba mwaka huu? Sisi huku hatujambo. Watoto wazima, baba yao mzima, yuko safarini na lori kama kawaida yake. Na mimi, mama, si mzima tu. Nimeshinda! Keti vizuri nikusimulie.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi wakati simu ninayo. Lakini unajua wewe mwenyewe tukipigiana inakuwaje. Nikisema "haloo mama" tu, mama mkwe anataka kukusalimu, shemeji Egesa anataka kukujaribishia Kiswahili chake, Bena anataka kukuimbia wimbo wa shule, halafu Ouma anabonyeza pale pekundu na mambo yamekwisha. Miaka kumi na miwili nimeolewa huku sijawahi kukuambia neno moja la peke yetu. Kwa hiyo nimeandika. Barua utaletewa na dereva mwenzake na mume wangu Wandera, anayekuja Muheza kupakia machungwa. Mpokee vizuri, lakini usimwache akae sana na mabinti wa jirani. Unakumbuka Wandera naye alikuja kupakia machungwa, akanipakia na mimi.

Sasa, mama, hapa nyumbani tunakula watu kumi na watano chungu kimoja. Wanangu wanne, watoto wa wifi wanaosoma karibu na hapa, mama mkwe, mzee, Egesa ambaye hajaoa, na wageni. Wageni hawakatiki. Huyu katoka Nabuyoga anapeleka mgonjwa Masafu, yule anavuka kwenda Kenya kesho, wote wanalala kwetu. Ni watu wazuri, sisemi kitu. Mapenzi yamejaa hadi mlangoni. Ila mtu huwezi kuvuta pumzi bila kuulizwa unavuta kwa nini.

Ukiingia chooni, Ouma anakaa nje ya mlango anakuhadithia habari za kuku. "Mama, uko humo? Mama, yule mwekundu ametaga. Mama, unatoka saa ngapi?" Ukienda kisimani, kuna foleni na umbea wake. Ukisema unakwenda sokoni Busia, anatokea mtu wa kukusindikiza, maana huku mke akitembea peke yake watu watasema kagombana na wenyewe. Siku moja nilikaa nyuma ya ghala, nimekaa tu, mama, sina hasira na mtu. Haikupita nusu saa nikaitiwa kikao! Mama mkwe, wifi, majirani wawili. "Nani amekukosea? Sema." Nikasema hakuna. Wakazidi kuogopa. Jioni wakanichinjia kuku wa kunituliza. Nikamla, nifanyeje? Lakini nilitaka kulia.

Na nililia baadaye, si kwa ajili ya kuku. Nilimpiga Bena. Mwanangu wa kwanza, mtoto mpole kuliko wote, nilimpiga kofi kwa sababu ya kijiko. Aliniuliza kijiko kiko wapi, na alikuwa mtu wa ishirini kuniuliza kitu tangu asubuhi. Akaniangalia, hakulia. Mama, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Siku ile ile nilifunga begi nikalisukuma uvunguni. Nikasema moyoni, Wandera akirudi tu namkabidhi watoto wake, nakwenda kwetu Muheza nikae hata mwezi, la sivyo nitarukwa na akili. Sikumwambia mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaniita. Yeye si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake ni hiki cha mpakani, kimekatwa pembe zote. Akasema, "Mama Bena, mimi magoti nauma. Kichuguu changu hapana mtu ya kuangalia. Kutoka leo, saa kumi, wewe nakwenda nalinda."

Nilinung'unika, Mungu anisamehe. Kazi nyingine tena! Lakini hukatai neno la mama mkwe.

Ngoja nikueleze, maana kwetu kumbikumbi ni wadudu wa kuangukia kwenye taa, tunawafagia. Huku ni nyama. Kila kichuguu kina mwenyewe, na mama humrithisha mke wa mwanawe kama vyungu. Watu hugombana mipaka kwa ajili ya kichuguu. Na kina miiko yake: mwenyewe akiwa pale, mtu mwingine hasogei. Wanaamini mtu wa makelele, au mwenye mguu mbaya, akipita, kumbikumbi wanarudi chini na hawatoki tena. Basi, saa kumi ilipofika, nikaenda.

Kiko nyuma ya shamba la muhogo, kirefu kunipita mimi, kimeota majani hadi kileleni. Nikapanda nusu yake, nikaketi chini. Upande wa kulia naona barabara ya kwenda Masafu, mbali, baiskeli zinapita bila sauti. Upande wa kushoto mihogo mitupu. Nikasubiri mtu aniite. Hakuna. Nikasubiri tena. Kimya! Nikasikia masikio yangu mwenyewe, mama. Nikakaa hadi jua likaanza kuchoka, na nilipoteremka nilimkuta Ouma amesimama mwisho wa muhogo, ameshika mdomo kwa mikono miwili asifukuze kumbikumbi. Nilimbeba hadi nyumbani huku nacheka.

Nikawa nakwenda kila siku. Nikirudi, hata wakiniuliza mambo hamsini najibu yote. Bena nilimwomba radhi, akasema, "Nilishasahau, mama," ingawa najua hakuwa amesahau. Begi likabaki uvunguni, lakini sikulifikiria tena kila usiku.

Kumbe mwenzio nachekwa! Ulikuwa wakati wa kiangazi, ardhi imekauka imepasuka, na kumbikumbi hutoka kwa mvua. Mimi mwana wa machungwa nitajuaje? Karibu mwezi mzima nalinda kitu ambacho hakiwezi kutoka, na kijiji kizima kinajua isipokuwa mimi. Mwisho Egesa hakuweza kuvumilia. "Shemeji," akasema mbele ya wote, "wewe nalinda nini? Hata mwizi ya kumbikumbi sasa iko likizo!" Wee! Walicheka hadi mgeni mmoja akapaliwa na chai. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata kichwa. "Muache," akasema. "Kichuguu nalindwa mwaka muzima."

Basi nikajifanya mjinga. Aibu ya mara moja, nikaimeza, na saa kumi ilipofika nikaenda zangu. Mtu akishakuona zuzu, hakuulizi tena unakwenda wapi.

Lakini Egesa alikuwa na lake. Anataka kuoa, na hawezi kuoa bila nyumba, na nyumba inataka matofali. Udongo wa kichuguu, mama, ndio bora kuliko wote kwa matofali. Akaanza. "Shemeji, hiyo kichuguu imekufa zamani. Miaka ngapi haitoi kitu? Udongo yake iko safi, matofali yake hapana pasuka. Nyinyi naacha ikae bure?" Na kweli, hakuna aliyekumbuka lini kilitoa mara ya mwisho. Alikuwa ana haki, hilo ndilo lililoniuma. Kijana anajenga, wewe unamwambia nini? Kwamba unataka mahali pa kukaa bila kuitwa? Watanichinjia kuku mwingine.

Ikafika kwa mzee. Mzee kwa desturi ya huku hakai karibu na mke wa mwanawe, wala haingii jikoni kwangu. Husema nami akiwa kule zizini, ameangalia pembeni kana kwamba anazungumza na ng'ombe. Akakohoa, akatoa hukumu yake kutoka kule kule: "Mvua inakuja. Kumbikumbi ikitoka, hapana mtu kugusa hiyo kichuguu. Mvua ikipita bure, Egesa achimbe." Nikamtazama mama mkwe anitetee. Akaingia ndani kutafuta chumvi.

Usiku ule nililivuta begi nikaliangalia. Nguo zilikuwa bado zimekunjwa. Nikajiambia, kikichimbwa, naondoka. Sikuwa natisha mtu, mama, nilikuwa najijua.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kesho yake jua kali, jirani zetu wakaanza kugonga vijiti, wakachota kumbikumbi ndoo kwa ndoo. Kwangu, kimya. Nilichokuwa nakipenda kule, sasa kikawa adui yangu! Mvua ya pili. Jirani wa upande wa pili akachota. Kwangu, hakuna hata sisimizi. Egesa akaleta jembe jipya, akalitia mpini pale uani nikimwona. Hakuwa na ubaya, alikuwa anapiga mluzi. Mimi nikaendelea kufyeka kichuguu changu, maana wanasema kumbikumbi hawapendi kutokea kwenye majani. Nikafyeka upande mzima wa jua, nikaomba. Niliomba kanisani, nikaomba na huku nafyeka.

Mvua ya tatu ilinyesha alfajiri ya Alhamisi. Mchana jua likatoka, ardhi ikawa inafuka mvuke. Nilipofika kichuguuni nikaona udongo mbichi, kidogo tu, kama uliotemwa. Nikainama. Tundu. Nikaona tundu la pili, la tatu, na mlangoni wamesimama wale askari wao wenye vichwa vikubwa, wanapunga hewa. Moyo ukanipiga, mama! Wanafungua milango!

Sasa sikia mtihani wenyewe. Kumbikumbi wa mchana hawatoki hivi hivi. Ni lazima uwabembeleze. Unakunja fito, unafunika blanketi kuwe na giza, unachimba kishimo cha wao kuangukia, halafu unagonga vijiti juu ya gogo, kwa haraka na bila kukatika, wadhani ni mvua inayodondoka. Ukikatika, wanarudi. Mtu mmoja hawezi, kidole kimoja hakivunji chawa. Inataka nyumba nzima. Nyumba nzima, mama! Wale wale ninaowakimbia, niwaite waje wakanyage kila pembe ya mahali pangu.

Nikasimama pale nasita. Nikasema, nikiwaita, siri yangu imekwisha. Nisipowaita, kesho jembe. Basi nikajaza mapafu nikapiga ukelele ambao nadhani ulivuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho: "Njooni! Njooni wote!"

Walikuja! Bena mbele na blanketi kichwani, watoto wa wifi na fito, mgeni wa Nabuyoga na beseni ambalo sijui alilitoa wapi, mama mkwe na fimbo yake. Mzee naye alikuja, akasimama mbali ametugeuzia mgongo kwa heshima, anatoa amri kwa mgongo. "Funikeni upande ya jua! Gonga! Msikatike!" Tukagonga. Tukagonga hadi mikono ikafa ganzi. Wale askari wakaanza kurudi ndani. Tulikuwa tunagonga ovyo, kila mtu na mvua yake.

Egesa ndiye fundi wa kugonga hapa kijijini, kila mtu humwazima. Alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni. Akikaa kimya tu, udongo ni wake. Nikamwendea nimejaa matope, nikamwambia, "Shemeji, nisaidie." Akakitazama kichuguu, akanitazama mimi. "Mimi nagonga," akasema. "Lakini isipotoka, kesho nachimba, na wewe hapana lia." Nikasema sawa.

Akaketi, akachukua vijiti viwili. Mungu wangu, mama, yule kijana ana mikono! Aligonga hadi nikatamani kujifunika mvua. Watoto wakamsikiliza, wakamfuata, mara wote tukawa mvua moja. Hakudanganya hata kidogo. Aligonga kama nyumba yake inategemea wao kutoka, wakati nyumba yake ilitegemea wasitoke. Hilo sitalisahau hadi nakufa.

Akatoka mmoja. Wakatoka kumi. Halafu blanketi likaanza kutikisika, na kishimo kikajaa mbawa hadi kikafurika, nasi tunachota, sinia, ndoo, sufuria ya uji, kofia ya mgeni! Ouma alikuwa anawala wabichi, ubawa umemganda mdomoni. Mzee anauliza kwa mgongo, "Imetoka? Imetoka?" Tukajibu wote, "Imetokaaa!" Nilipiga vigelegele vya Kitanga hadi majirani wakaja kuangalia ni mnyama gani.

Na Egesa akatupa kumbikumbi mmoja mdomoni, akatafuna taratibu, akasema, "Iko tamu. Basi. Mimi natafuta udongo mwingine." Jembe lake analo, anachimba kule bondeni, nami nampelekea uji kila asubuhi kwa mikono yangu. Nyumba ikiisha, mapazia nanunua mimi.

Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe, tukala na kalo, ule ugali wao wa wimbi na muhogo, watu kumi na watano na bado tukabakisha. Nimekuwekea kopo zima, dereva analo. Usiwafagie, mama! Onja kwanza.

Lakini huo si mwisho. Kesho yake saa kumi nikaenda, nikamkuta mama mkwe amefika kabla yangu, amepanda na magoti yake mabovu. Akaniambia, "Toa hiyo majani." Akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo sikufyeka, upande wa kivuli. Nikang'oa. Chini yake kuna jiwe bapa, limelainika katikati kama mbuzi ya kukunia nazi iliyotumika miaka mingi. Akaketi juu yake, akakaa sawasawa, hata hakujitengeneza.

Nikamuuliza, "Mama, kichuguu hiki kilikupa kumbikumbi mara ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Mara nne."

"Kwa miaka mingapi?"

"Nilizaa watoto kenda," akasema. "Wewe hesabu."

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ile siku, mimi nilikuwa nafagia chumba yako. Niliona begi."

Alijua. Magoti yake yalikuwa yanauma miaka mingi kabla ya siku ile. Akainuka akiegemea fimbo, akanipigapiga bega, akasema, "Sasa iko yako. Linda vizuri." Akateremka polepole, akaniacha peke yangu. Nimelifungua begi jioni ile, nguo nimezirudisha kabatini, na begi Bena analiwekea madaftari.

Nimeketi juu ya jiwe hilo sasa hivi, nakuandikia. Na nimekaa nikakumbuka jiwe lako, lile la kijitoni, chini ya shamba letu. Ulikuwa unakwenda kufua kanga moja. Kanga moja, mama, na unachukua mchana mzima! Sisi tulikuwa wanane, na mimi nilikuwa nakufuata kila mara. Najificha kidogo, halafu natokea naita, "Mama, unafanya nini?" Hukunifukuza hata siku moja. Ulikuwa unasogea, unanipa nafasi juu ya jiwe, na kanga inabaki kavu. Nisamehe, mama. Sikujua nilikuwa nakunyang'anya nini. Sasa najua.

Nisalimie kaka mkubwa anayelinda shamba, mwambie Wandera bado anamdai mechi ya bao. Nisalimie shangazi mwenye cherehani, na dada mdogo wa mwisho na mapacha wake, mwambie nampa pole na ajue kuna dawa. Mchungaji naye umpe salamu zangu za heshima. Mama mkwe anakusalimu sana, amesema nikuandikie hivi hivi: "Wewe nazaa vizuri."

Na barua hii usiwasomee. Najua wamekuzunguka sasa hivi, wajukuu wanne na jirani mmoja, wanauliza nimesema nini. Ikunje. Chukua kanga moja chafu, ushuke kijitoni, ukae juu ya jiwe lako uisome tena tangu mwanzo. Wakikuuliza unakwenda wapi, waambie unakwenda kufua. Mimi niko huku nakulindia.

Mwanao akupendaye,
Agnesi, Mama Bena
mwenye kichuguu